Mtu Aliyelala Tumboni mwa Ndege

Kuna watu wanaopenda timu zinazoshinda. Mimi napenda ndege za vita zilizoshindwa, zile za zamani ambazo hakuna anayezichora kwenye fulana. Nilianza mwaka ule ule nilioacha shule, kidato cha pili. Nilinunua kitabu cha picha kisicho na jalada kwenye rundo la mitumba hapa Kitengela, nikidhani ni cha mapishi, kwa sababu ukurasa wa juu ulikuwa umechanika na kilichobaki kilifanana na sufuria. Kumbe ni pua ya ndege. Nilifika nyumbani nikacheka peke yangu, halafu nikakisoma hadi mwisho, na kamusi mkononi.

Humo ndimo nilimojulia ile iliyoitwa Defiant, ambayo bunduki zake zote zilikuwa nyuma ya rubani na mbele hakuna hata moja, kwa hivyo adui akija uso kwa uso rubani alibaki kumtazama tu. Nikajua Komet, iliyoruka kwa roketi, na mafuta yake yangeweza kumchoma rubani mwenyewe kabla adui hajamwona. Na nikajua Battle. Hiyo ndiyo niliipenda kuliko zote. Ilikuwa ndefu na nzuri kama samaki, wanaume watatu ndani, na injini moja tu ya kuwabeba wote pamoja na mabomu yao. Vita vilipoanza ilikuwa tayari imepitwa na wakati. Ilikwenda polepole, ikaangushwa sana huko Ulaya, na zilizobaki zikapelekwa kufundishia watu, na nyingine zikaletwa vita vya mbali, hata huku kwetu, Waingereza walipokuwa wakipigana na Wataliani upande wa Ethiopia. Nikisoma habari zake nilikuwa naona huruma, kama vile unavyomwonea huruma mtoto mrefu aliyerudishwa darasa la wafupi.

Sasa ninafanya kazi saluni. Nasuka, naosha nywele, nafagia. Bosi wangu ni Mmasai wa huko nje ya Kajiado, mama wa watoto wawili, mkali kidogo lakini moyo wake uko karibu. Mimi humwita anti. Yeye huniita rubani.

"Rubani," aliniambia siku hiyo, "mteja anangoja shampuu na wewe uko vitani?"

Nilikuwa nimeshika simu. Nilikuwa nimepata picha ambayo sikuwahi kuiona, ya Battle iliyopigwa kutoka chini, ikionyesha sakafu ya tumbo lake na kijidirisha cha kutelezesha. Hapo ndipo mtu wa tatu alikuwa analala kifudifudi, chini ya kiti cha rubani, akichungulia ardhi ili ajue pa kuangushia bomu. Anti alinyoosha mkono azime simu, halafu akaacha.

"Hebu ngoja. Hii kitu iko kwetu."

"Kitu gani?"

"Hii bati. Na hii reli mbili hapa kando ya shimo. Iko kwa zizi ya ndama ya koko." Koko ni nyanya kwa Kimaasai.

Mteja aliyekuwa kitini, upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama kama kichaka, alitugeukia. "Sasa mtaniacha na kichwa nusu kwa sababu ya bati?"

Tulimsuka. Wakati wa chai anti akaniambia yote. Aliniambia taratibu, akiangalia mlango, kama mtu anayetoa siri ya nyumba.

Koko alikuwa mtoto wa kuchunga ndama wakati ndege yenye bati hiyo iliposhuka kwao. Aliwapa wanajeshi waliokuwa ndani maziwa, na mmoja wao akazimia mbele yake, akabebwa kwa gari kama maiti. Akaambiwa siku hiyo hiyo kwamba maziwa yake ndiyo yamemuua. Hakuna polisi aliyekuja, hakuna aliyefungwa, mambo yakaisha. Kwake hayakuisha. Tangu siku hiyo hajampa mgeni maziwa kwa mkono wake mwenyewe. Alipoolewa alisema hivyo, alipozaa alisema hivyo. Mgeni akija, mtu mwingine ndiye ashike kibuyu.

"Na kanisani je? Si mmeokoka?"

"Pasta amemwambia mara mia, koko, Mungu alisamehe. Unajua yeye anajibu nini? 'Mungu sawa. Lakini yule mtu alikuwa na mama.'" Anti aliweka kikombe chini. "Na sasa anazeeka, rubani. Anataka kujua kabla hajaenda. Anauliza kila mtu aliyesoma. Ameuliza daktari wa mifugo, ameuliza chifu. Mimi mwenyewe ameniuliza, na mimi najua kusuka tu."

Nilimwambia hata mimi najua kusuka tu.

"Wewe unajua hizi ndege za watu wasio na bahati," alisema. "Tutaenda Jumanne."

Ukweli ni kwamba usiku ule sikulala vizuri kwa furaha. Sikumfikiria koko hata kidogo. Nilifikiria bati. Kipande cha Battle, cha kushikwa kwa mkono, hapa hapa Kajiado! Nilikuja kumfikiria koko Jumanne asubuhi, tulipokuwa tunanunua sukari na majani ya chai ya kupeleka, na anti akaniambia kama mtu anayeongea juu ya hali ya hewa:

"Ukifika, wewe umwambie haikuwa maziwa."

"Na kama yalikuwa maziwa?"

"Sasa kwani nani atatafsiri?" Akacheka. "Huko mimi ndiye mdomo wako. Hata ukisema nini, mimi nitasema haikuwa maziwa."

Nilicheka pia, lakini halikunikaa vizuri. Maana mimi nilitaka iwe kweli. Sikutaka kwenda kumpaka bibi wa watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Na papo hapo niliogopa kwamba labda nitaangalia, nitauliza, na nitagundua kuwa ni kweli maziwa yalikuwa mabaya. Nitafanya nini basi? Nitarudi Kitengela nikaoshe nywele?

Nyumbani kwao ni mbali kidogo na mji, nyumba tatu za mabati ndani ya ua wa miiba, na zizi la ndama kando. Koko alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa ukuta, shuka begani, shanga shingoni, macho yamefifia lakini masikio yako kazini. Nilifanya kama anti alivyonifundisha, nikainamisha kichwa mbele yake, na akanigusa utosini kwa kiganja chote.

"Takwenya," alinisalimu kwa Kimaasai.

"Iko," nikajibu, na jibu langu likatoka kwa sauti ya mwanafunzi anayeitwa darasani. Alicheka.

Akaongea na anti kwa Kimaasai. Anti akaniambia, "Anasema alitarajia mwanamume mwenye miwani."

"Mwambie miwani niliisahau."

Hilo lilimfurahisha. Akaagiza niletewe chai, na chai ililetwa na mke wa mjukuu wake, nikaona kwa macho yangu jinsi koko alivyoweka mikono yake miwili chini ya shuka kikombe kilipokuwa kinapita.

Halafu wakanipeleka kwenye bati.

Ilikuwa mlango wa zizi la ndama. Imefungwa kwa waya kwenye nguzo, urefu wake unanifika kifuani, rangi imeisha kabisa, imebaki na ule weupe mchafu wa aluminiamu ya zamani. Mistari ya ribiti, zile pini za kushikanisha bati, ilikuwa imepangika vizuri hata leo, kama nywele zilizosukwa kwa mkono mwepesi. Na katikati, shimo la mraba, na pande zake mbili zile reli za kutelezeshea kidirisha. Kidirisha chenyewe hakikuwepo. Shimo lilikuwa limezibwa kwa kipande cha ngozi ya ng'ombe ili ndama asitoe kichwa.

Sitasema nina hakika kama mtu aliyeshika karatasi ya kiwanda. Nililinganisha na picha kwenye simu, reli kwa reli, nikahesabu ribiti za pembeni mwa shimo. Vilifanana. Nikapiga magoti hapo kwenye samadi nikalia kidogo.

"Wewe unalilia bati?" anti aliuliza.

Koko akataka kujua kuna nini. Alipoambiwa, akasema kitu, na wote waliokuwa uani wakaangua kicheko. Anti alitafsiri huku akijifuta macho: "Anauliza kama ndege ilikuwa ya babu yako."

Tulirudi kivulini, na koko akasimulia. Alikuwa amesimulia mara nyingi, ungejua tu, maneno yalikuwa yamelainika kama mpini wa jembe. Anti alikuwa anatafsiri kipande kwa kipande.

Ndege ilikuja chini chini, ikikohoa, moshi ukitoka puani. Watu wazima walikuwa wamepeleka ng'ombe maji mbali. Nyumbani kulikuwa na mama yao aliyekuwa amejifungua, haruhusiwi kutoka, na yeye na mdogo wake wa kike. Ndege ikagusa uwanda, ikaruka kidogo, ikagusa tena, ikakimbia na magurudumu yake hadi ikasimama pua imeinama. Mdogo wake akakimbia kujificha. Yeye hakukimbia. Alijua jambo moja: mtu akifika kwenu ametoka mbali, unampa maziwa. Mama hatoki, baba hayupo, basi mwenye nyumba ni yeye. Akaingia ndani, akachukua kibuyu.

"Kibuyu chetu tunasafisha na moto," anti aliniongezea. "Unachoma kijiti cha mzeituni wa porini, unasugua nacho ndani. Maziwa yanakaa, hayaharibiki, na yananukia moshi. Lakini yanabaki na vitu vyeusi vyeusi ndani. Makaa. Sisi tunakunywa tu."

Akawapa. Mmoja wao, kijana, akanywa mafunda mawili akalala chini ya bawa, na hakuamka. Wenzake wakamtingisha. Hakuamka. Jua lilipogeuka likaja gari la jeshi limefuata moshi, na ndani yake mkalimani mmoja wa kutoka mjini, amevaa soksi ndefu. Mkalimani aliona kijana amelala, akaona kibuyu, akamimina maziwa kwenye kiganja chake akaona vile vyeusi. Akapiga kelele. Akayamwaga yote chini. Akamwinamia yule msichana na kumwambia kwa Kimaasai kibovu: "Umemuua mtu."

Wakambeba kijana, wakaenda. Siku kadhaa baadaye walirudi na lori kuifungua ndege, hawakusema na mtu. Waliacha mabati machache, na baba yake akaburuta moja kwa punda kwa sababu ndama wanahitaji mlango. Baba hakumgombeza hata siku moja. Lakini mdogo wake, aliyekuwa amejificha na hakuona chochote, ndiye aliyebeba hadithi. Kila walipogombana kwenye malisho ilikuwa ni ile ile: wewe nyamaza, wewe uliyeua Mzungu. Huyo mdogo wake yuko hai. Aliolewa Rombo, huko karibu na mpaka.

Koko akamaliza. Akanigeuzia uso, akasema kwa Kiswahili, Kiswahili safi kabisa ambacho hakuna aliyeniambia kwamba anakijua:

"Sasa wewe sema."

Nilikuwa na kitu kimoja tu kinanikuna, nacho ni ule moshi puani. Nikaanza kuuliza ovyo, kama mtu anayepapasa swichi gizani, na koko akarudi kwenye Kimaasai chake, anti akitafsiri.

"Walitokaje ndani, koko? Wote watatu."

Wawili walitoka juu wenyewe, wakaruka chini. Halafu wakapanda tena, wakainama ndani, wakamvuta wa tatu kwa makwapa. Alitoka kama mtu anayetolewa kisimani.

"Ndiye huyo kijana?"

Ndiye.

"Alikuwa ameumia? Damu?"

Hapana damu.

"Alisimama?"

Alisimama kama mlevi. Alishika kichwa hivi. Koko alikishika kichwa chake kwa mikono yote miwili, shanga zikalia. Uso ulikuwa mwekundu sana. Sumu ya moshi nayo huweza kumfanya mtu mwekundu, na hapo nilitaka kurukia jibu, halafu nikajizuia; Mzungu kwenye jua la Kajiado huwa mwekundu, huo si ushahidi.

"Maziwa alikunywa yeye peke yake?"

Koko alishangaa swali. Peke yake vipi? Mgeni ni mgeni. Wa kwanza alikuwa yule wa bunduki, mwenye masharubu, huyo alikunywa hadi akapumua kwa pua. Halafu mkubwa wao. Kijana alikuwa wa mwisho.

"Na hao wawili hawakuugua?"

"Yule wa masharubu alikuwa anapiga mluzi," alisema koko. "Nilifikiri ana tumbo gumu."

Nikauliza la mwisho, na kabla sijauliza nilijua kwamba jibu likienda upande mbaya, siwezi kulirudisha.

"Koko, huyo kijana, alitapika?"

Alitapika.

"Kabla ya maziwa au baada?"

Anti alitafsiri. Koko akafumba macho. Midomo yake ilikuwa inasogea kidogo. Alikuwa amerudi huko.

"Kabla," alisema mwishowe. "Alitapika kando ya gurudumu. Najua kwa sababu nilirudi nyuma. Niliinua kibuyu juu hivi, matapishi yasikirukie."

"Kwa nini hukuwahi kusema?" anti aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mtu ameanguka kutoka juu. Nilijua ni kizunguzungu cha kuanguka."

Basi hapo nilisimama, na sijui nilipata wapi ujasiri ule, nikaenda kwenye zizi, nikafungua waya, nikaleta ile bati. Si nzito kama inavyoonekana. Nilichomoa ngozi kwenye shimo. Nikailaza chini, nikalala juu yake kifudifudi, uso wangu kwenye shimo, gauni langu la Jumapili na samadi yote ile.

"Yesu wangu," alisema anti.

"Mwambie hivi ndivyo alivyokuwa amelala. Rubani ameketi juu yangu hapa, anapata upepo. Wa bunduki yuko huko nyuma, kichwa nje, anapata upepo. Mimi niko chini, nimefungua kidirisha natafuta njia, labda kwa sababu tumepotea. Mbele yangu kuna injini inayotoa moshi, na moshi unarudi nyuma chini ya tumbo la ndege. Unaingia wapi?"

Koko alikuwa ameondoka kwenye kiti. Aliinama, akapapasa bati kwa vidole, akafuata ukingo hadi kwenye shimo, hadi kwenye paji langu la uso. Akauacha mkono hapo.

Nikaendelea hivyo hivyo nimelala. "Wote watatu walianguka kutoka juu pamoja. Wote watatu walikunywa kibuyu kimoja. Kitu kimoja tu hawakushiriki, ni mahali pa kukaa. Aliyeugua ni yule wa tumboni."

Nikawaambia kwamba kulikuwa na ndege nyingine ya vita hivyo hivyo, Typhoon, ambayo moshi wa injini yake ulikuwa unavuja hadi alipoketi rubani, mpaka ikabidi wavae barakoa za hewa tangu injini inapowashwa. Kwa hivyo si jambo la ajabu. Lakini niliona kwamba hilo la Typhoon halikuwafikia. Nikawaambia la kwetu.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Kitengela Julai ina baridi ya kukata, na tulikuwa tunaishi chumba kimoja, baba akiwa kwenye kazi yake ya ulinzi na mama kaenda msibani kwao magharibi. Mimi na kaka yangu tuliingiza jiko la makaa ndani tukafunga mlango, tukaweka na blanketi chini pale upepo unapoingilia. Hatukusikia harufu yoyote mbaya. Nilichosikia ni kichwa kugonga, halafu miguu ikawa si yangu, halafu nikatapika, na kaka yangu akalala usingizi ambao nilimpiga makofi na hakuamka. Jirani alisikia mimi nikigonga ukuta. Alivunja komeo, akatuburuta nje.

"Na mnajua alitupa nini?" niliuliza.

"Maziwa," alisema anti, kabla sijajibu. Kila mtu anajua. Mtu akivuta moshi wa jiko, akimeza dawa ya panya, akila kitu kibaya, Kenya hii kitu cha kwanza ni maziwa.

"Maziwa. Daktari alituambia baadaye tulivuta sumu ya moshi isiyonuka, na ni hewa iliyotuponya. Maziwa hayakufanya kitu. Lakini, koko, hayakutuua."

Anti alikuwa ameacha kutafsiri. Alikuwa analia. Koko alimpiga kofi dogo la goti, endelea kazi, na anti akaendelea.

Nikainuka, nikajipangusa. Koko alirudi kitini pole pole, akaweka shuka vizuri, akauliza swali moja fupi. Nililielewa kabla ya tafsiri.

"Alipona?"

"Sijui," nilisema.

Anti akatafsiri. Akatafsiri, akatafsiri, mikono inapaa, maneno yanatiririka, nikasikia hata jina la Yesu humo ndani. Koko alimsikiliza hadi mwisho, halafu akamnyooshea kidole.

"Huyu amesema neno moja. Wewe umesema mia. Sema lake."

Anti aliangalia chini kama mtoto. "Anasema hajui."

"Wengi wakitolewa kwenye hewa mapema huamka," niliongeza, kwa Kiswahili moja kwa moja kwake, "na yeye alitolewa mapema. Kaka yangu aliamka. Lakini huyo kijana, sikumwona, koko. Sijui."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi.

"Hiyo ya kutojua, naiamini," alisema. "Wale wengine wote waliniambia wanajua."

Nilidhani atalia. Hakulia. Alivuta pumzi ndefu sana, mabega yakashuka, na ghafla nikaona ni mwanamke mdogo kiasi gani, mifupa tu na shanga. Halafu uso wake ukabadilika. Alikuwa amekasirika! Alianza kuongea kwa kasi, na wale wa uani wakasogea kusikiliza, na anti akacheka huku machozi hayajakauka.

"Anasema yule mkalimani alikuwa mjinga. Anasema ni soksi tu alikuwa nazo. Anasema alimwaga maziwa ya ng'ombe mzuri."

"Mwambie nakubali."

"Sasa anataka simu. Anataka kumpigia mdogo wake Rombo."

Mjukuu wake mmoja alipiga, akaweka sauti ya juu, akamshikia simu mbele ya mdomo. Iliita kwa muda mrefu. Kisha ikaja sauti ya bibi mwingine, kavu, kwa nguvu, kama mtu anayemwita mbuzi. Wakasalimiana, na salamu za hawa wazee haziruki kitu: watoto, wajukuu, ng'ombe, mvua, goti la kushoto, goti la kulia. Nilikuwa nimekaa chini nashikilia bati yangu, nasubiri, anti akininong'oneza yote sikioni.

Koko akasafisha koo. Akasema, kwa heshima kama mtu anayesimama kortini: "Wewe mtoto wa mama yangu. Yule Mzungu hakufa kwa maziwa yangu."

Upepo wa Rombo ulisikika kwenye simu.

"Mzungu gani?" aliuliza yule bibi.

Koko aliitazama simu kana kwamba imemng'ata. "Mzungu gani? Mzungu wa ndege!"

"Ndege gani?"

"Ndege iliyoshuka kwetu! Ukajificha! Uliniimbia maisha yangu yote!"

"Mimi?" Yule bibi alifikiri, tukamsikia akifikiri. "Dada, mimi sikumbuki ndege. Nakumbuka punda wa baba. Kuna ndege ilishuka?"

Anti aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mjukuu aliyeshika simu alikuwa anatetemeka kwa kicheko cha ndani, simu ikitetemeka pamoja naye. Mimi nilimwangalia koko na kuogopa. Maana mtu amebeba gunia hilo tangu utoto, na aliyemtwika hata hakumbuki kulishika. Macho yake yalikuwa wazi, mdomo umebaki nusu. Halafu kitu kikaanza kutoka kifuani mwake, nikadhani ni kikohozi. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akaegemea ukuta, akapiga paja, akaanza tena, na kutoka Rombo yule mwingine akawa anacheka kwa kumsikia tu, akiuliza, "Ni nini? Ni nini, dada? Niambie!"

Koko alijipangusa macho kwa ncha ya shuka. Akachukua simu mwenyewe kutoka kwa mjukuu, akaishika vibaya, juu chini, wakamgeuzia. Akajiweka sawa kwenye kiti kama mtu ambaye ana mchana wote.

"Sikiliza basi," alimwambia. "Ndege ilikuja chini chini, inatoa moshi puani. Wakatoka watu watatu. Mmoja wao alikuwa mgonjwa. Alishika kichwa, akatapika kando ya gurudumu. Mimi nimeinua kibuyu juu. Maziwa yangu bado hajayagusa."